Mume asikiliza, mke akaza skrubu: pikapu ya vifaranga yapata pumzi

Saa kumi na moja alfajiri, boneti ya pikapu nyeupe iko wazi uani. Mwanamke aliyevaa koti la kazi ameinama juu ya injini inayonguruma, bisibisi mkononi. Karibu naye, mumewe ameketi kwenye kiti cha plastiki, kichwa kimelalia upande kama mtu anayetegea sikio redio ya jirani.

"Kaza," mume anasema. Mke anaizungusha kidogo skrubu ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Mngurumo unapwaya, injini inatetemeka. "Umepitiliza. Rudi. Polepole, mama. Hapo hapo."

Injini inatulia. Mke anafuta mikono, anafunga boneti na kumshika mumewe mkono hadi kiti cha abiria. Kwenye kituo cha kutotolesha, maboksi ya vifaranga wa siku moja yanawasubiri, na kati ya kituo na wafugaji kuna mlima.

Wafugaji humwita mwanamke huyu Mama Vifaranga. Mzigo wake hauna subira: joto likizidi na hewa ikipungua, vifaranga hufia maboksini. Kwa dereva mwingine, gari kuzimika njiani ni kero. Kwake ni msiba.

Kazi hii ilikuwa ya mumewe. Aliifanya mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya nuru, jicho moja kwanza, kisha la pili. Mke akajifunza udereva, akashika usukani. Mume akabaki chumbani.

"Alikuwa mtu wa utani, hapiti mtu barabarani bila kuchokozwa," anasema Mama Vifaranga. "Akanyamaza. Ukimuuliza ameamkaje, anakujibu salama, basi, maongezi yameisha. Nilikuwa naishi na ukuta."

Mwaka jana pikapu nayo ikaanza visa. Ilitoa moshi mweusi, ikinywa petroli kama tangi limetoboka, na mlimani ikiishiwa nguvu. Fundi mmoja wa mjini alisema injini imezeeka, itafutwe nyingine. Jirani akashauri ifungwe kubwa zaidi. Ushauri ulikuwa wa bure. Injini hazikuwa za bure.

Siku moja ya jua kali ikazimika katikati ya mlima. Mama Vifaranga aliyateremsha maboksi moja moja na kuyakimbiza kivulini. Lori liliposimama kumsaidia, maboksi mawili hayakuwa na sauti tena.

"Mengine yote yalikuwa yanapiga kelele," anasema, na kutazama pembeni. "Hayo mawili kimya."

Mwenye kituo alimpa pole, lakini alimwambia wazi kwamba ikitokea tena atalazimika kutafuta gari jingine.

Alirudi nyumbani akamsimulia mumewe, machozi yakimlengalenga. Mume akasema maneno mengi kuliko aliyoyasema kwa miezi.

"Injini haijazeeka. Inapata petroli nyingi, hewa haitoshi. Naisikia kila asubuhi ukitoka."

Mke akamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba aliogopa kuonekana kipofu anayejitia ufundi.

Asubuhi iliyofuata mume alitoka kwenda uani akipapasa ukuta. Kwa miaka yote ya udereva hakuwahi kushika chochote cha injini zaidi ya maji na oili. Mke naye alikuwa hajui plagi wala kabureta. Walipolitoa chujio la hewa, lilikuwa na vumbi la kutosha kuotesha mchicha. Plagi zilikuwa nyeusi tii kwa masizi. Wakaweka chujio jipya, wakazisugua plagi, na injini ikapata nafuu.

Nao wakapata kiburi. Mke alizungusha skrubu za kabureta na kuihamisha distribyuta inayogawa cheche, yote kwa mkupuo mmoja. Gari likagoma kuwaka kabisa.

Ikabidi waite fundi mzee wa mtaa wa pili, anayejulikana kwa jina la Spana. Alicheka mpaka akaegemea boneti. Kisha akairudisha distribyuta kwenye alama yake na kuwapa somo: gusa kitu kimoja, sikiliza, ndipo uguse kingine. Akawaonya pia wavute breki ya mkono na wafanyie kazi mahali pa wazi, maana moshi wa ekzosi huua.

Alirudi mara kadhaa kuwaangalia. Hawakuongeza kifaa chochote cha nguvu. Injini ni ile ile ambayo pikapu ilitoka nayo kiwandani. Wameirekebisha tu ipumue.

Ndipo ikaja siku ya mlima. Walipakia maboksi, na kwa mara ya kwanza tangu apofuke, mume akapanda. Kabla ya kufika katikati, injini ikaanza kugonga. Mume akamwambia apaki pembeni: Spana alishasema kugonga kwa namna ile ni cheche kuwahi kutoka. Mke akafungua boneti, akairudisha distribyuta nyuma unywele mmoja, akaikaza. Nyuma yao vifaranga walilia bila kupumzika, na kwa mara ya kwanza kelele zile zilimfariji.

"Tulipoondoka tena nilikuwa nimeng'ang'ania usukani mpaka vidole vikafa ganzi," anasema. "Mara nikaona barabara inateremka. Nikamgeukia nimwambie tumevuka, nikamkuta anacheka peke yake. Alishasikia."

Maboksi yote yalifika yakipiga kelele. Moshi mweusi umekwisha, kazi imebaki yao, na mume sasa ndiye anayemwamsha mke na kumlaumu kwa kuchelewa.

Juzi Spana alimwomba mume awe anashinda gereji kwake, amsikilizie injini zinazomshinda. Mume ameomba muda wa kufikiri. Mke ameshafikiri kwa niaba yake.

"Nitampeleka asubuhi, nimpitie jioni," anasema akiwasha gari. "Nataka arudi na habari zake mwenyewe za kazini, anichoshe nazo mpaka nisinzie."