Madaftari matatu niliyompangia mama yangu kwa mkono wangu

Wakuu, mwangaluka.

Humu mimi ni msomaji tu, siandikagi. Leo naandika, na sitatia chumvi, yenyewe inatosha.

Nina steshenari ndogo Tabora mjini. Napenda vitu vikae kwa mpangilio, mpaka mke wangu ananiita afisa masjala.

Mama yangu alikuwa anaishi Kwihara, mkulima, miaka sabini na kitu. Presha alikuwa nayo tangu zamani. Ikaja sukari. Halafu magoti. Kliniki tatu, siku tofauti, madaktari tofauti. Kusoma hajui, na daftari lake lilikuwa limechakaa, kurasa zinadondoka.

Basi mimi mjuaji nikachukua matatu mapya dukani. Jekundu la presha, la bluu la sukari, la kijani la magoti.

Nikamwambia, "Mama, siku ya magoti beba la kijani tu. Usichanganye."

Hakuchanganya. Mama alikuwa msikivu kuliko sisi wanawe.

(Najua kuna mtu atasema siku hizi hospitali zina kompyuta. Sawa mkuu, ila magoti alikuwa anatibiwa kwingine kabisa.)

Daktari wa magoti alimuuliza kama ana ugonjwa mwingine. Nilikuwepo siku hiyo. Mama akajibu, "Hayo mengine yana madaftari yake."

Daktari akacheka. Na mimi nikacheka. Akaandikiwa dawa ya maumivu, tukaondoka.

Baada ya miezi kadhaa miguu ikaanza kuvimba. Kliniki ya presha wakaongeza kidonge. Akapata kizunguzungu, kidonge. Tumbo likawa linamuwaka, kidonge tena.

Kila asubuhi alikuwa anavimimina kwenye mfuniko wa ndoo ya asali, anavihesabu: kumi na kimoja. Mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia kila kimoja kimeandikwa kwenye rangi yake. Sikuwahi kujiuliza vikishamezwa vinakutana wapi.

Siku moja akaanguka shambani. Mkojo ulikuwa karibu umekata.

Wodini tukamkuta daktari mmoja, binti mdogo tu. Akasema leteni kila anachomeza, kila kitu. Nikaleta mfuko wa dawa na madaftari. Akayafungua yote matatu pale kitandani, akasoma ukurasa kwa ukurasa.

Akanieleza taratibu kwamba ile dawa ya maumivu, pamoja na zile za presha, kwa umri ule, zimeumiza figo. Na vingine alikuwa anapewa kutibu madhara ya vidonge vingine. Akafuta vitano palepale.

Kisha akauliza, "Nani alimtenganishia haya madaftari?"

Hakuuliza kwa ubaya.

Mama ndiye aliyejibu, sauti imeshaisha. "Mwanangu huyu, daktari. Ananipangia kila kitu. Bila yeye ningeshakufa."

Siku tisa baadaye tulimzika Kwihara.

Yule daktari aliniambia huenda figo zilianza kuchoka kabla. Naomba iwe hivyo. Lakini inaniuma wakuu, acheni tu.

Mwenye mzazi mwenye magonjwa mawili matatu, daftari liwe moja. Dawa zote mfuko mmoja, za hospitali, za dukani, hata mizizi, zimwagwe mbele ya daktari. Sisi tunajua kuuliza ipi ya kuongeza. Uliza na ipi iachwe. Ila msimuachishe dawa wenyewe nyumbani, hilo nalo linaua.

Daftari bado nauza. Akija mtu anasema ni la kliniki la mama yake, nampa moja, halafu namuuliza mama anaumwa nini kingine. Wengine wananiona mmbea.

Haya, uwanja ni wenu, hata wa kunilaumu karibuni. Ila kabla hujaandika, nijibu hili: mzee wako anameza vidonge vingapi, na ni nani anayevijua vyote?