Nilivyojirekodi Juu ya Kanda ya Babu Desideri

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile kule Kaengesa nilitamani ardhi ipasuke. Mimi nasoma muziki chuoni, na utafiti wangu ni jinsi tulivyotoka kwenye dansi la magitaa na kaseti mpaka singeli inayotengenezwa kwenye kompyuta, basi mtu akanidokeza kwamba Babu Desideri, mpiga gitaa wa zamani, ana kanda ya bendi yao, moja tu iliyobaki, na anayeimba humo ni marehemu mke wake, Mama Leokadia. Nilipiga yowe la furaha mpaka watu wa stendi Sumbawanga wakageuka!

Jumapili baada ya misa nikamkuta amekusanya ukoo mzima uani, wakiwemo wajukuu ambao hawajawahi kuisikia sauti ya bibi yao, na radio kaseti iko mezani imefunikwa kitambaa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba binti. Niiwashe?"

Angeiwasha mwenyewe yangekwisha. Mimi nikamwambia, "Babu kaa tu, hii ndiyo fani yangu!" (Fani yangu! Mtu niliyekulia kwenye simu, kaseti nimeziona kwenye vitabu.) Nikaweka simu kando ya radio, nikabonyeza kitufe chekundu ili irekodi, nikaona na radio ina chekundu chake, nikasema moyoni ndicho hicho hicho cha kuanzishia kanda, nikabonyeza. Kanda ikazunguka, sauti hakuna. Mwenzenu nikadhani wimbo bado haujafika, na kwa kuwa watu wananitazama nikaanza kuhutubia, eti "Teknolojia ya muziki, ndugu zangu, imetoka mbali," nikapiga mpaka gitaa la mdomo, ti-ri-ri-ri, watoto wakacheka, nikanogewa.

Babu akainuka taratibu, akainama kwenye vitufe.

"Binti, hii inarekodi."

Akarudisha kanda nyuma, akabonyeza cha kupiga, kikasikika kikohozi changu, halafu "Teknolojia ya muziki, ndugu zangu," mpaka ti-ri-ri-ri, na safari hii hakucheka mtu. Machozi yakanitoka, maana niliona nimemzika Mama Leokadia mara ya pili, tena mbele ya wanawe.

Mara, tak! Sauti yangu ikakatika na mwanamke akaingia kuimba, sauti nyembamba, safi, haina haraka. Weee! Uani kulilipuka vigelegele, mjukuu mmoja anauliza "Ndiye bibi huyo?", mimi naruka huku nalia.

"Umekula gitaa langu la mwanzo tu," alisema Babu, "na mpigaji mwenyewe nipo."

Kisha akanionyesha kipande kidogo cha plastiki nyuma ya kaseti, ambacho ukikivunja hakuna anayeweza kurekodi juu yake tena. Kwenye kanda zao nyingine zote, ambazo sasa hazipo, alikivunja. "Hii Mama Leokadia alinikataza. Alisema tuna wimbo mmoja bado wa kurekodi."

Nikamsihi afute maneno yangu kwanza, apige gitaa upya pale mwanzoni. Akakataa.

"Nafasi aliiacha yeye, na wewe umeshaijaza." Akachukua kisu, akavunja kile kipande cha plastiki.

Kwa hiyo mpaka leo familia ile ikitaka kumsikia bibi, lazima waanze na mimi nikijisifu. Sigusi tena kitufe cha mtu bila kuuliza, na nikisikia mtu anasema "hii ndiyo fani yangu", natafuta pa kuficha uso.