Chungu Kilichofika Mbale

Naikumbuka kwa chapati iliyoungua, mwanangu, ile siku dada yangu Zaina aliponipigia simu kutoka Mbale. Nilikuwa kwenye kikaango changu kando ya barabara kuu, hapa Bugembe, nikiwapikia madereva wa malori ya Kenya. Akasema, "Kaka, nikaha ni Ijumaa ijayo. Uje uniozeshe."

Wazazi wetu walikuwa wamekufa zamani, na mimi mkubwa niliacha shule ili wadogo wangu wapate kula. Madereva walitaja Malaba, Eldoret, Mombasa, nami niliijua miji hiyo kama mtu anavyojua harufu ya pilau ya jirani. Nilitamani kuondoka, japo mara moja. Lakini ujana wangu uliingiliwa na ugonjwa wa sukari. Kila siku lazima nijidunge sindano, na dawa yenyewe haipendi joto. Friji sikuwa nayo. Dawa niliifunga ndani ya mfuko wa plastiki nikaiweka katika chungu cha maji, kwenye kona ya chumba. Tangu hapo sikulala nje ya chumba hicho. Hata Wanyange, hapo tu ziwani, nilikwenda na kurudi mbio.

Nikamwambia Zaina kwamba baba mdogo atasimama badala yangu. Akakataa.

"Huyo alikuja mazishini akaondoka na baiskeli ya baba. Sitaki kuozeshwa na mtu asiyejua nilikula nini." Akakata simu.

Hajati Mariamu, mama mzee aliyeuza vyungu karibu na meza yangu, alikuwa amesikia yote. Akaniita.

"Isma, wewe unaogopa nini?"

"Hajati, dawa yangu inakaa chunguni. Chungu hakisafiri."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Hakisafiri! Unafikiri hivi vyangu vimeota hapa? Vyote vimekuja kwa lori, mashimo na yote. Havikuvunjika kwa sababu vilifungwa." Kisha akaacha kucheka. "Umeupa ugonjwa kiti cha baba yako, mwanangu. Sasa ndio unaoamua nani aende harusini."

Iliniuma. Lakini anayekuambia kweli hakuchukii. Kesho yake nikamwendea nesi wa kliniki yetu. Hakunikataza, alinieleza namna ya kuilinda dawa, nile kwa wakati, na kitu kitamu kisikosekane mfukoni. Hajati akanipa chungu kidogo chenye kifuniko, akakizungushia majani makavu ya migomba kama anavyofunga vya kuuza.

Dereva mmoja Mkenya, mteja wangu, alikubali kunipeleka. Aliponiona nimekipakata chungu akasema, "Sheikh, kumbe na wewe unakunywa malwa, ile pombe ya chungu? Mirija iko wapi?"

Nikacheka, nikamweleza. Hakuuliza tena, ila saa ya kula ilipofika alisimamisha lori mwenyewe. "Kula, bwana. Harusi bila kaka ni mkutano tu."

Tulipokaribia Mbale, mlima niliuona kabla ya mji: ukuta wa mawe juu ya mapaa, na maji yakiuteremka membamba kama uzi. Siku ya nikaha imamu aliuliza walii, msimamizi wa bibi harusi, ni nani, nikajibu kwa mdomo wangu mwenyewe. Zaina alikuwa chumba cha pili na wanawake. Nikasikia akikohoa, kile kikohozi anachokohoa akizuia kilio.

Basi, mwanangu uliye mgonjwa na moyo wako uko barabarani, nisikilize. Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema watembee wazima peke yao. Lakini walisema pia mficha maradhi, kilio humfichua. Usiuache ugonjwa nyumbani ukijifanya mzima, wala usikae nyumbani kuulinda. Waulize wanaojua, funga mzigo wako vizuri, mwambie unayesafiri naye. Na siku mwili utakapokataa, kaa, barabara haihami. Mombasa sijafika mpaka leo, na huenda nisifike. Nilikohitajika nilifika.

Mungu akupe afya. Na pale atakapokunyima afya, akupe mtu wa kukufungia chungu. Amina.