Mabuti ya Mpira Kwenye Pedali

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi ya mifugo hapa Babati ilinikabidhi baiskeli, boksi la barafu la kubebea chanjo na mabuti ya mpira. Mkuu wa idara aligonga kifuniko cha boksi kwa kalamu.

"Kijana, chanjo ikipata joto, imwage. Usimdunge ng'ombe maji."

Nikaitikia upesi, kama mtu anayeambiwa analolijua.

Kwenda kwa wafugaji wa upande wa Hanang ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Haukupita muda nyayo zikaanza kuwaka moto, vidole vikafa ganzi, na misuli ya mashavu ya miguu ikawa inakaza ghafla njiani.

Fundi baiskeli mmoja wa Maisaka aliniona nikichechemea. "Bwana Mifugo, hiyo miguu umeazima kwa nani?"

Alipandisha kiti, maana nilikuwa naendesha magoti yamekunjwa. Akanionyesha kukanyaga pedali kwa sehemu pana iliyo nyuma ya vidole, si kwa katikati ya unyayo. "Kunywa maji kabla kiu haijakushika, tia na chumvi kidogo. Misuli ikikaza, shuka, nyoosha mguu, vuta vidole kuja kwako. Na hayo mabuti yanajikunja kwenye pedali kama chapati. Vaa makatambuga."

Makatambuga ni viatu vya tairi, soli yake ngumu; wachungaji wote walivaa. Nikacheka. Mtumishi wa serikali aingie bomani kwa watu na viatu vya kuchungia? Mabuti sikuvua. Maji nayo sikunywa, nisipoteze muda kusimama.

Siku ya kuchanja homa ya mapafu kwa Mzee Gidamis, mfugaji wa huko Hanang, miguu yote miwili ilikaza kwa pamoja. Nililala kando ya barabara, baiskeli juu yangu, jua likipanda. Nilipoweza kusimama nikafungua boksi. Barafu ilikuwa imegeuka maji ya uvuguvugu.

Nilipaswa kumwaga chanjo na kurudi. Lakini ng'ombe walikuwa wamezuiwa zizini tangu alfajiri bila malisho, na Mzee Gidamis alinipokea na kibuyu cha maziwa. "Tulidhani umetusahau, Bwana Mifugo." Nikaona aibu kusema miguu imenishinda. Nikachanja zizi zima.

Kabla ya mvua ng'ombe wakaanza kukohoa. Walikufa karibu wote, na wana wa Mzee Gidamis wakaenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu.

Mkuu aliniita. "Barafu ilifika haijayeyuka?"

"Ilifika, mzee."

"Basi homa hii ni kali." Hakuuliza tena. Baadaye nikapandishwa cheo.

Nimestaafu, naishi Bagara, na vijana wa kazi hii huja kuniuliza mambo ya chanjo. Mimi huwaambia kwanza habari za miguu: ikiuma, semeni.

Mwaka jana nilikwenda kwa Mzee Gidamis nikamweleza yote. Alichora chini kwa fimbo.

"Kumbe ni miguu tu," akasema. "Ungesema inakuuma, ningekuwa nakupokea njiani na punda. Siku ile punda walishinda hapa wamesimama."

Kisha akamwita mkwewe aniletee cha kunywa, kama zamani. Ilikuwa chai ya rangi.