Kengele Iliyozibwa Majani

Mjukuu wangu anakimbia kila asubuhi mpaka Nyamyumba na kurudi, na hakuna mutu anayemfukuza. Leo amerudi na mbwa wake, wote wawili wamelowa mvua, akavua viatu mlangoni pangu. Harufu ikanijaa puani: jasho, matope, manyoya ya mbwa.

"Bibi, mi nakimbia juu ya kutuliza roho."

Bon. Mimi nilikimbia siku moja tu, na roho haikutulia.

Baba alikuwa na mbwa mmoja wa kuwinda, jina lake Ntamunoza. Njiani kengele ya shingoni mwake ilizibwa kwa majani, isishtue wanyama. Kazi yangu ilikuwa kuyatoa tukifika msituni, ili tumsikie alipo. Siku hiyo nikasahau. Mbwa akaingia porini kimya, akapotea.

"We mtoto, una kichwa ao kibuyu?" Baba akafoka. "Bila mbwa, usirudi nyumbani!"

Nikakimbia vilima vya Nyakiriba miguu mitupu, nikiita mpaka sauti ikakauka. Jua likishuka nikaketi nyuma ya nyumba yetu, naogopa kuingia. Nikasikia ulimi kwenye kisigino. Ntamunoza! Kumbe alikuwa jikoni tangu mchana, amelala kwenye majivu ya moto, majani yangali ndani ya kengele. Nikamkumbatia shingo na matope yake yote, nikalia kwa hasira.

Sasa mjukuu ananiuliza kwa nini nimeinama kunusa shingo ya mbwa wake. Nimemwambia aondoe viatu vyake mlangoni.