Breki za Pikapu ya Marehemu

Fundi wetu hapa Nebraska hajui salamu. Akigonga boneti kwa spana, ujue umekaribishwa. Rangi iliyochakaa haigusi, na alama ya kiwiko cha mwenye gari mlangoni huipangusa vumbi polepole kama uso wa mtoto, isifutike. Juzi binti mmoja, Lorna, alikuja kuchukua pikapu kuukuu tuliyomtengenezea, ile iliyotumbukia mtoni na marehemu baba yake ndani. Akachungulia chini, akapandwa na hasira.

"Breki mpya? Si nilisema kila kitu kibaki cha baba?"

"Panda!" fundi akamwamuru.

Tukapanda, fundi kwenye usukani, mimi msaidizi wake nimebanwa katikati kama soseji. Akaendesha mbio mpaka kwenye kona ya mto, akakanyaga breki, gari likasimama papo hapo. Akaupiga usukani ngumi.

"Tulipomtoa hapa, binti, mguu wake ulikuwa bado umezikanyaga hizo breki za zamani unazozililia."