Mwenye Nyumba Amekufa, Nami Nimo Ndani

Ile siku haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa nimekaa jikoni namenya ndizi, sijui lolote linalokuja.

Tulikuwa tumemzika Ma Adventina wiki iliyotangulia. Alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, nami nilikuwa mfanyakazi wake wa ndani pale Kibeta tangu nilipotoka kwetu Kimwani nikiwa msichana. Nilimpikia, na alipopooza nilimwogesha. Nililala chumba cha uani na binti yangu Jeni, aliyekuwa shule ya msingi. Hatukuwa na kwingine. Wazazi wangu walishafariki, na kibanja chao, lile shamba la migomba, kaka zangu walikuwa wamekigawana.

Basi wageni wa msiba walipotawanyika, akaja Rwegasira, mdogo wa marehemu mumewe, ameshika kufuli.

"Edisa, kazi yako imekwisha. Aliyekuajiri amekufa. Jioni nisikukute hapa."

"Waitu, baba, mtoto nitampeleka wapi?" nilimsihi kwa heshima ya kwetu.

"Hilo si langu."

Sikubishana. Nilidhani ndivyo mambo yalivyo, kwamba mwajiri akifa na wewe unatoka siku hiyohiyo. Nikaanza kufunga nguo. Bibi Zainabu, jirani yetu aliyekuwa akiuza dagaa, akaja kuchukua sufuria zake za msibani, akanikuta napiga fundo.

"Unakwenda wapi?"

"Nimefukuzwa, bibi."

"Na nani? Mahakama imempa yeye mirathi?"

"Sijui."

"Hujui, na unafunga mzigo! Weka chini. Ukitoka leo kwa miguu yako, kesho watasema uliondoka kwa hiari. Nani atakusikiliza?"

Alinikemea mbele ya Jeni mpaka nikaona haya, kisha akajifunga mtandio tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akamwita Rwegasira. Alimweleza kwa utaratibu kwamba mirathi haijafunguliwa, msimamizi hajateuliwa, kwa hiyo hakuna ndugu mwenye mamlaka ya kumtoa mtu wala kuuza kitu. Na kwamba mtu anayeishi mahali kwa sababu ya kazi hatolewi bila taarifa. Rwegasira aliitikia kwa kichwa, akaondoka bila kuaga.

Jumapili tukarudi kutoka kanisani tukakuta chumba chetu hakina mlango. Rwegasira alikuja na fundi wakaung'oa, bawaba na yote. Nikaning'iniza kitenge.

Sijui nikuelezeje wiki zile, mwanangu. Pikipiki ikipunguza mwendo karibu na geti, nilichungulia nikidhani ni Rwegasira. Sokoni nilikwenda mbiombio. Jeni kila asubuhi, begi mgongoni, aliniuliza, "Mama, nikirudi utakuwepo?" Nilimjibu ndiyo, huku mwenyewe sina uhakika. Mara mbili nilitaka kuondoka tu, ili hofu iishe. Mwenyekiti alikuwa akipita kututazama. Hilo ndilo lililonishikilia.

Mwishowe ukoo ulikutana kwao Muleba ukapendekeza jina, na mahakama ikamteua binti wa marehemu, Koku, mwalimu wa Mwanza. Nilimwogopa huyu kuliko Rwegasira, kwa maana yeye sasa alikuwa na mamlaka kweli. Alifika, akasimama akikitazama kile kitenge.

"Mlango uko wapi?"

Nikamweleza.

"Edisa, ulimtunza mama yangu. Lakini nyumba tutaiuza, sitakudanganya."

"Sidai nyumba, waitu. Naomba muda. Jeni amalize muhula, nami nitafute pa kukaa."

Akakubali, tukayasema tena mbele ya mwenyekiti ili asije mtu kuyageuza. Mlango ukarudishwa. Muhula ulipokwisha tulihamia chumba cha kupanga Rwamishenye, mchana, majirani wakitusaidia kubeba kitanda. Nililia njiani. Lakini nililia kama mtu anayehama, si kama mtu aliyetupwa.

Sasa nisikilize, wewe unayelala katika nyumba ya mwajiri wako. Kifo chake hakikupi nyumba. Usijidanganye kwa miaka uliyokaa. Lakini pia hakimpi kila ndugu ruhusa ya kukutoa nje. Anayekuambia toka, muulize ameteuliwa na nani. Nenda serikali ya mtaa siku hiyohiyo, na usiende peke yako. Ukipewa muda, utumie kweli kutafuta pengine, usiulalie. Na mwajiri wako akiwa bado ana nguvu za kuzungumza, mwombe awaambie watoto wake unakaa hapo kwa makubaliano gani. Ni maneno mazito kumwambia mzee au mgonjwa, ila yakisemwa kwa upole hayaumizi. Na ukimwona mwenzako yamemfika, usimpe pole ukapita. Fuatana naye.

Mungu akulinde unapolala na unapoamka, mwanangu. Akupe siku moja nyumba iliyo yako, na ukishaipata, akupe na moyo mwema kwa yule atakayekuja kukufanyia kazi humo.